Uvimbe shingoni: Kabla ya kumtafuta mchawi, chungulia kopo la chumvi

MWANGALUKA, mpenzi msomaji. Ukiingia soko la Bariadi asubuhi, hiyo ndiyo salamu utakayoisikia kila meza. Wiki hii nami naanzia hapo sokoni, kwenye meza ya chumvi, kwa sababu ugonjwa ninaotaka tuuzungumze unaanzia jikoni kwako.

Chumvi huuzwa kwa namna mbili. Ipo ya pakiti, iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ipo pia ya mawe, inayopimwa kwa kopo kutoka kwenye gunia lililo wazi, na wengi huipenda kwa kuwa ni nafuu. Kwa macho zote ni nyeupe, na kwenye mboga zote zina ladha ile ile. Lakini kwa mama mwenye ujauzito wa miezi miwili, chumvi yenye madini joto na ile isiyo nayo ni vitu viwili tofauti kabisa, na anayeweza kuiona tofauti hiyo maisha yake yote ni mtoto aliye tumboni.

Tezi gani hiyo?

Ukimwambia mtu ana tatizo la tezi, mara nyingi anafikiria tezi dume, ugonjwa wa wanaume wenye umri mkubwa. Wengine hufikiria mafindofindo. Hii ni nyingine. Ni tezi ya shingo, kitaalamu thairoidi. Ina umbo kama la kipepeo na imekaa mbele ya shingo, chini kidogo ya koromeo. Wanaume wanayo, wanawake wanayo, hata mtoto mchanga anayo.

Kazi yake ni kutengeneza homoni zinazouambia mwili uende kwa kasi gani: moyo upige vipi, chakula kitumike vipi, joto la mwili liwe kiasi gani. Kwa mtoto, homoni hizo ndizo zinazosimamia ukuaji wa ubongo na mifupa.

Ili izitengeneze, tezi inahitaji madini joto. Jina lisikuchanganye, hayapandishi joto la mwili wala hayaletei mtu homa. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 kwa siku, mama mjamzito au anayenyonyesha anahitaji 250. Ukijumlisha mahitaji ya mtu mzima kwa miaka 70, hayafiki gramu 4. Tatizo ni kwamba mwili hauwezi kuweka akiba ya muda mrefu, hivyo kiasi hicho kidogo lazima kiingie kila siku.

Kisipoingia, tezi huhangaika. Hutanuka ili inase hata kile kidogo kilichopo, kama mvuvi anayeongeza nyavu samaki wakiadimika. Kutanuka huko ndiko tunakokuita goita, au rovu. Hakuna mtu aliyerogwa wala aliyekanyaga kitu kibaya.

Watafiti walipopima shingo za wanafunzi

Kwa miaka mingi tatizo hili lilikuwa kubwa nchini kwetu. Upimaji uliofanywa katika wilaya mbalimbali miaka ya 1980 na 1990 ulionyesha kuwa, kwa wastani, wanafunzi 25 katika kila 100 walikuwa na goita. Katika wilaya 27 zilizoathirika zaidi, miaka ya 1980 walikuwa 61 katika kila 100.

Serikali, kupitia Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, ilichukua hatua mbili. Kwanza, kuanzia mwaka 1986, wananchi wa wilaya zilizoathirika walianza kugawiwa vidonge vya mafuta yenye madini joto. Pili, mwanzoni mwa miaka ya 1990, nchi iliamua kuwa chumvi yote ya kula iongezwe madini hayo. Uswisi ilikuwa imeanza njia hiyo mwaka 1922.

Je, ilisaidia? Jibu lilitoka kwa mtafiti Mtanzania, Dk Vincent Assey, na wenzake wa hapa nchini na wa nje. Mwaka 2009 walichapisha matokeo ya upimaji uliofanyika Tanzania Bara mwaka 2004. Wakati huo mkoa wa Simiyu haukuwepo bado. Bariadi, Maswa na Meatu zilikuwa Shinyanga. Shingo za wanafunzi 140,758 wenye umri wa miaka 6 hadi 18 zilipimwa kwa vidole. Sampuli za chumvi 131,941 kutoka majumbani zilipimwa pia, na wanafunzi 4,523 walipimwa mkojo, kwa kuwa madini joto mengi tunayokula hutoka kwa njia hiyo.

Matokeo yalikuwa ya kutia moyo. Goita ilikuwa imeshuka kutoka 25 hadi karibu 7 katika kila wanafunzi 100. Katika zile wilaya 27 ilishuka kutoka 61 hadi 12. Karibu sampuli 84 za chumvi katika kila 100 zilikuwa na madini joto. Ni dawa chache zimewahi kufanya kazi ya namna hiyo, na hii ilifanywa na chumvi ya mboga.

Lakini soma upande wa pili wa hesabu hizo. Sampuli 16 katika kila 100 hazikuwa na kitu. Na mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na madini pungufu mkojoni. Wastani wa nchi ulikuwa mzuri, lakini mtoto hali wastani wa nchi. Anakula chumvi iliyo kwenye kopo la nyumbani kwao.

"Sisi tunakula samaki"

Kuna msomaji wa Busega atakayesema, "Sisi tuko ziwani, sato na dagaa hatukosi, hiyo goita itatoka wapi?" Ni swali zuri. Wenye madini joto mengi ni samaki wa baharini. Samaki wa maji baridi, wakiwemo wa Ziwa Victoria, wanayo kidogo zaidi. Ni chakula kizuri chenye protini, endelea kuwala, lakini usiwategemee kwa kazi hii.

Hata kukaa baharini kwenyewe hakutoshi. Dk Assey na wenzake walipima pia watoto wa Zanzibar, na matokeo yakachapishwa mwaka 2006. Wengi waliamini kuwa watu waliozungukwa na bahari hawawezi kupungukiwa. Unguja, ambako zaidi ya nusu ya kaya zilikuwa na chumvi yenye madini joto, watoto kwa wastani walikuwa na kiwango cha kutosha mkojoni. Pemba, ambako chumvi hiyo ilikuwa karibu haipo kabisa, watoto walikuwa na upungufu. Bahari ni ile ile, tofauti ilikuwa kwenye chumvi.

Kwa Simiyu somo hilo ni zito. Sisi tuko bara, na historia yetu na chumvi ni ndefu. Zamani wanaume wa Usukuma walifunga safari za miguu kwenda Ziwa Eyasi kufuata chumvi, na chumvi ya asili, iwe ya ziwani au ya mawe, bado ina wapenzi wake. Sisemi ni chumvi chafu. Ninachosema ni kuwa isipoongezwa madini joto, haimlindi mtoto.

Na mihogo je?

Mihogo michungu isiyoandaliwa vizuri ina sumu ambayo mwili, katika kuivunja, hutengeneza kemikali inayoizuia tezi kunasa madini joto. Hili lilionekana wazi kwenye kisiwa cha Idjwi, katika Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Watafiti Delange na Ermans walikuta goita nyingi upande mmoja wa kisiwa na chache upande mwingine, ingawa madini joto yalikuwa haba pande zote. Waliofuatilia chakula waligundua kuwa mihogo ilikuwa na mchango wake.

Hiyo haina maana uache ugali wa udaga. Loweka mihogo kwa siku za kutosha, iache ichachuke, ianike hadi ikauke kabisa ndipo usage. Wakati wa njaa ndipo watu hukata siku za kuloweka, na ndipo hatari inapoongezeka. Ukila na chumvi yenye madini joto, tezi yako ina kinga.

Miezi mitatu ya kwanza

Hapa naomba mama na baba msome pamoja. Katika miezi mitatu ya kwanza ya ujauzito, mtoto tumboni hana uwezo wa kujitengenezea homoni za tezi. Anategemea za mama peke yake, na ndicho kipindi ambacho ubongo wake unaanza kujengwa. Mama akiwa na upungufu mkubwa, mimba inaweza kuharibika, mtoto anaweza kuzaliwa mfu, au kuzaliwa akiwa na ulemavu wa akili, kutosikia na udumavu wa mwili usiorekebishika.

Upungufu wa kadiri una madhara gani? Hapo watafiti bado wanabishana. Mwaka 2009 Erica Field na wenzake waliangalia watoto wa Tanzania ambao mama zao waliishi katika wilaya zilizogawiwa vile vidonge. Walisema waliokingwa wakiwa tumboni walisonga mbele shuleni zaidi, kwa kati ya theluthi na nusu ya mwaka, na wasichana walinufaika zaidi. Watafiti wengine walirudia hesabu hizo kwa takwimu nyingi zaidi na hawakuona athari thabiti. Ndivyo sayansi inavyokwenda. Lakini hakuna anayebisha kuhusu upungufu mkubwa. Unaharibu ubongo, na kuukinga ni rahisi.

Tatizo ni kwamba wanawake wengi huanza kliniki wakiwa na ujauzito wa miezi minne au mitano. Muda huo sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha pita. Ndiyo maana chumvi sahihi haipaswi kusubiri kadi ya kliniki. Inatakiwa iwe jikoni kabla hata mama hajajua kuwa ni mjamzito.

Mtoto mtulivu kupita kiasi

Wapo watoto wachache wanaozaliwa bila tezi, au na tezi isiyofanya kazi, hata kama mama alikula vizuri. Duniani inakadiriwa ni mtoto mmoja katika kila 2,000 hadi 4,000. Wengi wao huonekana wazima siku ya kuzaliwa.

Bibi atakuja kumwona na kumsifu: "Mtoto huyu mtulivu, halii hovyo, analala tu." Mara nyingi sifa hiyo ni kweli. Lakini mpeleke kituo cha afya haraka ukiona utulivu huo unaambatana na dalili hizi: manjano ya macho na ngozi isiyoisha baada ya wiki mbili, kunyonya kwa uvivu na lazima aamshwe kila mara, choo kigumu, sauti ya kilio iliyokwaruza, ulimi mkubwa unaotokeza, kitovu kilichotuna, ngozi ya baridi na mwili uliolegea.

Mwambie mhudumu waziwazi: "Naomba mtoto aangaliwe tezi ya shingo." Kipimo ni cha damu. Akigundulika na kuanza dawa katika wiki mbili za mwanzo, ana nafasi kubwa ya kukua na akili timamu kama wenzake. Kila mwezi unaopita bila dawa unapunguza nafasi hiyo, na kilichopotea kwenye ubongo hakirudi.

Tezi ikilala, tezi ikikimbia

Kwa watu wazima tezi huharibika kwa njia mbili, na si lazima shingo ivimbe.

Ya kwanza ni tezi kulegea. Mgonjwa anachoka bila kazi, anahisi baridi wenzake wakitokwa jasho, ananenepa ingawa hali sana, anapata choo kigumu, ngozi inakauka, anasahau, hedhi inavurugika. Wapo wanawake wanaohangaika miaka kutafuta mtoto, au mimba zinaharibika mara kwa mara, huku mama mkwe akinung'unika, kumbe chanzo kimojawapo kinachoweza kutibika ni tezi. Hilo lipimwe kabla ya mtu kulaumiwa.

Ya pili ni tezi kufanya kazi kupita kiasi. Moyo unakwenda mbio hata umekaa, mikono inatetemeka, jasho linamtoka, usingizi haupo, anakula vizuri lakini anakonda, na kwa wengine macho hutokeza nje. Akikonda hivyo, majirani huanza kunong'ona kuhusu ukimwi. Anapima, majibu yanakuja hana, anapima kisukari, hana, na anarudi nyumbani bila jibu. Kama ndivyo ilivyo kwako, rudi uulize habari ya tezi.

Madini joto yakizidi sana nayo yana shida. Katika upimaji ule wa 2004, watoto 35 katika kila 100 walikuwa na kiwango cha juu kuliko kinachotakiwa. Na huko Kivu, katika miaka ya 1990, baada ya chumvi yenye madini joto kuingia eneo lililokuwa na upungufu wa muda mrefu, baadhi ya watu wenye goita za zamani walipata tezi ya kukimbia. Kwa hiyo usinunue matone au vidonge vya madini joto kwa kujitibu. Na kama una goita ya siku nyingi, fika hospitali ukaangaliwe.

Jipime mwenyewe

Simama mbele ya kioo, inua kidevu kidogo, kunywa funda la maji. Tazama sehemu ya chini ya shingo wakati unameza. Ukiona uvimbe unaopanda na kushuka pamoja na kumeza, huenda ni tezi. Wataalamu hutumia kipimo rahisi: kila upande wa tezi ukiwa mkubwa kuliko kipande cha mwisho cha kidole gumba cha anayepimwa, hiyo ni goita.

Usichelewe kabisa ikiwa uvimbe unakua haraka, ni mgumu kama jiwe, sauti imekwaruza kwa wiki kadhaa, unapata shida kumeza au kupumua, au umeota uvimbe mwingine pembeni mwa shingo. Uvimbe mwingi wa tezi si saratani, lakini uliokuwa nayo hutibika vizuri zaidi ukiwahi.

Anza zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Watakuelekeza hospitali ya wilaya au Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Simiyu hapa Bariadi, na ikibidi Bugando, Mwanza. Kipimo cha kwanza cha damu huitwa TSH. Uliza kwa jina hilo hilo. Unaweza pia kufanyiwa utrasaundi ya shingo.

Tafadhali usikubali kuchanjwa chale juu ya goita wala kukandwa kwa nguvu. Tezi ina mishipa mingi ya damu, na kidonda hapo kinaweza kuvuja sana au kuoza. Goita kubwa ya miaka mingi haiyeyuki kwa chumvi peke yake. Nyingine huhitaji upasuaji.

Ukishapewa dawa

Kwa tezi iliyolegea dawa ni levothairoksini. Imeze asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu wanavyopewa wajawazito huizuia kufyonzwa, hivyo viache mbali kwa saa nne. Usiache dawa kwa sababu umejisikia nafuu. Nafuu hiyo imeletwa na dawa. Ukishika mimba, nenda kliniki mapema, kwa sababu dozi mara nyingi huhitaji kuongezwa.

Kwa tezi inayokimbia, mojawapo ya dawa ni kabimazoli. Ukiitumia kisha ukapata homa na koo kuuma, usinywe dawa za dukani ukalala. Nenda hospitali siku hiyo hiyo upimwe damu, kwa sababu kwa watu wachache hupunguza chembe zinazopigana na maradhi. Na kabla ya kupanga mimba, zungumza na daktari wako.

Rudi kwenye kopo la chumvi

Nunua chumvi iliyoandikwa kuwa ina madini joto. Ihifadhi kwenye chombo chenye mfuniko, pakavu, mbali na jua, na mbali na mvuke wa chungu. Itie mboga inapokaribia kuiva. Usiioshe chumvi ya mawe, kwa sababu madini joto yakiwepo utayamwaga na maji. Na usiongeze chumvi ili kupata madini zaidi. Isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, yaani kijiko kimoja cha chai, maana shinikizo la damu nalo linatusubiri. Hatutaki chumvi nyingi, tunataka chumvi sahihi.

Leo jioni, kabla chungu hakijapanda jikoni, chukua ile pakiti usome kilichoandikwa. Kama chumvi yako ni ya kopo na hujui ilikotoka, muulize muuzaji wako kesho. Asipojua, mwambie mama fulani wa mtaani kwenu ana mimba changa, na kwamba kijiji kizima kinamngojea mtoto huyo aende shule.

Tukutane wiki ijayo.